Miaka miwili nashinda kwenye minada ya mtandaoni na sijanunua hata sindano. Niko peke yangu?

Kahawa_Chungu
Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa Pasua, Moshi, saa tano na nusu usiku, mke kalala. Nimeona niseme leo kwa sababu jana kanikamata. Kanikuta sebuleni saa kumi na moja alfajiri nimeikodolea simu macho, akadhani ni mikeka ya kubeti. Nikamwonyesha: sarafu ya shaba, imebakiza dakika tatu, imefika dola 6. "Unainunua?" Siinunui. "Unaiuza?" Si yangu. Akaniangalia kama anaangalia mgonjwa, akarudi kulala. Hajaniuliza tena, na hilo ndilo linalonitisha.

Ilianza hivi. Mjomba wangu wa Marangu alifuatwa na vijana wawili wamevaa vizuri, wana "rupia ya Mjerumani". Wanaozijua hadithi hizi wanazijua. Kuna mzungu amefikia hotelini Arusha anaitafuta usiku na mchana, atalipa milioni mia na ushee, ila kwanza itoke milioni mbili ya "kuipima". Mjomba alishaanza kutafuta mtu wa kumuuzia ng'ombe. Nikamwomba anirushie picha ya hiyo rupia WhatsApp. Ikaja: shaba, taji upande mmoja, shada la majani upande wa pili, imeandikwa 1 Heller, 1912. Haikuwa rupia hata kidogo. Rupia moja ilikuwa heller 100, na heller ndiyo iliyotuachia neno hela.

Nikaingia eBay, lile soko la mnada la mtandaoni. Bei nilizokuta zilinichanganya, mmoja kaandika dola 5,000 kwa heller ileile. Kumbe pale mtu yeyote anaandika anachojisikia. Baadaye nikaona kuna sehemu ya kuchuja ili vionekane vilivyokwisha kuuzwa tu. Ile ya dola 5,000 haikuwemo. Zilizokuwemo zilikwenda dola 3, dola 5, dola 8 ikiwa safi sana. Nikampigia mjomba. Ng'ombe yupo mpaka leo na ameshazaa.

Tangu siku hiyo sijatoka humo. Juu kabisa ya vitu ninavyofuatilia kuna kimoja ambacho sitakinunua hata nikiuza nyumba: rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, 1916. Vita vya Kwanza, manowari za Mwingereza zimeziba pwani, Mjerumani haletewi tena sarafu kutoka kwao, basi akachukua dhahabu ya Sekenke na kuigeuza karakana ya reli pale Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Upande mmoja tai, wa pili tembo amenyanyua mkonga na milima nyuma yake. Zilitoka 16,000 na kidogo. Septemba mwaka uleule mji ukaangukia kwa Wabelgiji. Ikija mnadani hupanda hadi dola elfu kadhaa. Nimeshaangalia saba zikiuzwa, na kila mara moyo unaenda mbio kana kwamba ni mimi ninayelipa.

Swali langu ni dogo. Kuna wengine humu? Au nianze kutafuta msaada?

ChaliiWaSakina
Arifu, huo ni ugonjwa ila hauko peke yako wodini.

Mwenye_Hoja_Zake
Yaani mtu mzima na ndevu zake anakesha kuangalia vitu vya watu wengine vikinunuliwa na watu wengine? Muda huo ungepanda mchicha hapo Pasua ungekuwa umeshavuna mara ishirini. Halafu tunalia umaskini.

Kahawa_Chungu
Mkuu Mwenye Hoja, mchicha ninao. Karibu uchume.

Dereva_wa_Njiro
Mleta uzi nimekusoma nikacheka peke yangu garini. Mimi ni magari. Japani wametutangulia saa sita, kwa hiyo mnada wao ukianza saa nne asubuhi huku kwetu ni saa kumi usiku. Naamka bila alamu. Kuna mawakala wanaokuruhusu kuona karatasi za ukaguzi kabla ya mnada na bei iliyofikiwa baada ya mnada, unajisajili tu. Gari linauzwa kwa sekunde chache, ukipiga chafya umepitwa na mawili.

Sina mpango wa kununua. Gari ninaloendesha ni la bosi, Land Cruiser ya kupeleka wageni Serengeti. Ila hebu nikwambieni kuangalia kumenisaidia nini.

Kila gari la mnada wa Japani lina karatasi. Juu kuna alama: 5, 4.5, 4, 3.5 kushuka chini, na R maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari umejaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni palipowahi kunyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa tatizo. Wiki mbili unaisoma kama gazeti. Na kilomita zimeandikwa pale pale.

Sasa mwaka jana shemeji yangu kapata Noah kwenye yadi moja hapa Arusha, sitaitaja. Rangi ya maziwa, viti safi, dashibodi inasoma kilomita 84,000. Muuzaji anaapa kwa mama yake. Nikaomba namba ya chasisi nikaenda kukaa chini ya mti na simu yangu. Nilikuwa nimeshaiona hiyo Noah! Miezi mitano nyuma ilipita mbele ya macho yangu saa kumi na moja alfajiri, alama R, kilomita 171,000. Nilikuwa nimeihifadhi picha ya karatasi bila sababu yoyote, kwa sababu tu rangi yake ilinipendeza.

Nilimwonyesha muuzaji ile karatasi. Hakubisha. Alisema, "Bosi, kumbe wewe ni fundi," akaniagizia soda.

ChaliiWaSakina
Soda mlikunywa?

Dereva_wa_Njiro
Tulikunywa. Ya moto.

Babu_Kisongo
Wajukuu, mnajadili kama jambo limezaliwa jana. Nendeni mnada wa ng'ombe Ngaramtoni mkaangalie wazee. Mzee anatoka nyumbani na shuka lake na fimbo, mfukoni ana nauli ya kurudi tu. Anazunguka dume lile mara tatu, analipapasa nundu, anauliza bei, anasikitika, anakwenda kwa jingine. Mpaka saa tisa ameuliza bei za madume arobaini. Jioni anarudi boma na habari: mbuzi wamepanda, wa Longido wameteremka kwa wingi, ukame umeanza kuuma huko. Mwanawe akitaka kuuza wiki ijayo hadanganywi. Baba yangu alikwenda hivyo maisha yake yote na sikumbuki akinunua zaidi ya madume manne.

Kahawa_Chungu
Shikamoo babu. Nitamsomea mke wangu hii asubuhi, neno kwa neno.

Babu_Kisongo
Marahaba. Ila baba alikuwa anarudi na habari. Wewe unarudi na nini?

Meku_wa_Kibosho
Babu kauliza swali zito, nami naongeza la kwetu. Marehemu baba alikuwa na mibuni, na Alhamisi ilikuwa siku ya mnada wa kahawa hapa Moshi, Kahawa House. Yeye hakuwahi kukanyaga chumba kile. Wanunuzi ndio waliokaa mle na bei ilitajwa kwa dola kwa mfuko wa kilo 50. Lakini Alhamisi jioni ilikuwa lazima apatikane mtu wa kumuuliza "leo AA imekwendaje?", yaani kahawa ya daraja la juu. Kahawa yake ilishatoka mikononi mwake miezi miwili nyuma, ipo ushirika, kapewa malipo ya awali, anasubiri malipo ya pili. Asingeweza kubadili chochote. Alitaka tu kujua kitu chake kimethaminiwaje na watu asiowajua. Mimi mwanawe ni mwalimu, sina hata mche mmoja, na bado Alhamisi jioni kuna kitu kinanikuna.

Mwenye_Hoja_Zake
Hao wote mliowataja walikuwa na ng'ombe na kahawa. Huyu ana simu na bando.

Shangazi_Leeds
Wapendwa, natoka upande wa pili wa kaunta. Mimi mzaliwa wa Majengo, Moshi, naishi Leeds mwaka wa kumi na tisa. Pembeni ya kazi yangu nauza vitu vya zamani eBay. Kwa hiyo ninyi ndio mnaoninyima usingizi!

Mnajua kwamba muuzaji anaona idadi yenu? Hatuoni majina, tunaona namba. Naweka buli la chai, siku ya tatu naambiwa watu 31 wanalifuatilia. Nashukuru Mungu, napiga hesabu, namwambia mume wangu Jumapili tunakula nje. Jumapili inafika: dau sifuri. Watu 31 wamesimama dirishani wananiangalia nikifunga duka. Wapiga chabo nyie!

Siku hizi tovuti inaniruhusu kuwatumia punguzo wanaofuatilia kitu kisicho cha mnada. Nilituma kwa watu 14. Walionijibu, hakuna.

Kahawa_Chungu
Samahani shangazi. Nilishawahi kutumiwa hilo punguzo kwa kengele ya shule ya shaba. Nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni na mtu asiyemjua. Nikaifuta kengele kwenye orodha kwa aibu.

Shangazi_Leeds
Hahaha, sawa mwanangu. Ila acha nikufundishe jambo, kwa kuwa umesema unasoma bei. Bei ya mwisho unayoiona si ya aliyeshinda. Ni ya aliyeshindwa.

Mnunuzi anaiambia mashine kimyakimya kiwango chake cha juu, tuseme pauni 80. Mashine haiendi 80. Inamwongezea kidogo kidogo kila anapotokea mwingine. Huyo mwingine akikomea 30, wa kwanza anachukua kwa 31, na ile 80 yake hakuna atakayeijua, hata mimi muuzaji. Kwa hiyo ukiona kitu kimeuzwa 31, umejua jambo moja tu: kulikuwa na mtu wa pili duniani aliyekuwa tayari kutoa 30. Asingekuwepo huyo wa pili, kingekwenda kwa bei ya kuanzia. Nimeshauza vitu vizuri kwa senti 99 kwa sababu alikuja mpenzi mmoja tu badala ya wawili.

Dereva_wa_Njiro
Hii nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo hiyo sarafu ya tembo ya Kahawa Chungu...

Kahawa_Chungu
...bei yake nimekuwa nikiambiwa na wanaokosa. Watu wangu kabisa hao.

Tsudunyi_Juu
Nilikuwa nasoma tu, lakini ngoja niseme. Mimi naangalia minada ya Ujerumani. Siri yake ni tahajia. Ukitafuta "Kilimanjaro" unapata fulana na bia. Andika "Kilimandscharo" na "Dschagga", kama walivyoandika wao wakati ule, mlango unafunguka. Kadi za posta za Moshi kabla ya 1914. Picha za wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi huku mlimani 1893. Albamu nzima za askari, wajukuu wao wamezikuta darini wanaziuza kurasa kwa kurasa.

Kuna vitu naviona nafunga simu. Mimi ni wa Old Moshi, na kwetu kila mtoto anajua kwamba Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa Machi 1900 na kwamba inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukikulia na habari hiyo huangalii albamu ya askari kama unavyoangalia kengele ya shule.

Lakini picha za kawaida nazitaka zote. Wanawake na mikungu ya ndizi, mtoto anachungulia nyuma ya nguzo, mfongo, ule mfereji wetu wa maji, unapita ukingoni mwa mlima. Kadi moja inakwenda euro 20, nyingine 40, na mshindani wangu mmoja ana pesa kuliko mimi. Namwona kila wiki, jina lake linafichwa kwa nyota lakini herufi mbili zinazobaki nazijua kuliko za ndugu zangu. Basi anachukua kadi, mimi nachukua picha. Naihifadhi kubwa kabisa, mbele na nyuma, pamoja na mwandiko, kabla mnada haujafungwa. Baada ya miezi kama mitatu tangazo linapotea, na kadi imeingia kwenye sanduku la mtu huko Bavaria hutaiona tena.

Pasaka iliyopita nilichapa nane kwenye studio pale mjini, nikampelekea mzee mmoja wa ukoo wetu, ana miaka tisini na kitu. Saba alizipita. Ya nane aliishika muda mrefu, akaigeuza pembeni, akasema, "Huu mfongo ni wa kwetu. Hapa ndipo unapokata kona, kuna jiwe. Jiwe hilo hili hapa." Tukashuka na mjukuu wake mpaka bondeni. Mfongo umekauka miaka mingi, migomba imeota ndani yake. Jiwe lipo.

Maelezo ya muuzaji kwenye ile kadi yalikuwa: "Afrika, mandhari, hali nzuri."

Babu_Kisongo
Sasa hiyo ni habari ya kurudi nayo boma.

Meku_wa_Kibosho
Mkuu Tsudunyi, hizo picha ziwekee nakala mahali zaidi ya simu. Nakuomba.

Tsudunyi_Juu
Zipo kwenye flashi mbili na kwa dada yangu Dodoma.

Bwana_Nyundo
Mimi naleta onyo kutoka Kijenge. Niliangalia mwaka mzima kwa adabu, siku moja nikasema ngoja niweke dau moja nione jina langu likikaa juu, nitapitwa tu. Kinanda cha mkono, kile cha kuvuta. Pauni 5. Nikaenda kuoga. Natoka bafuni: "Hongera!" Muuzaji yuko Wales, hatumi nje ya Uingereza, na mimi naishi nyuma ya stendi ya daladala. Nilimwandikia ujumbe mrefu kuliko barua ya posa. Alinielewa, lakini nimejifunza: dau ni mkataba hata ukiliweka kwa utani.

ChaliiWaSakina
Barua ya posa 😂 Ulimwita mheshimiwa baba mkwe?

BintiRau
Jamani naomba kuuliza kwa shangazi wa Leeds. Mimi ni fundi cherehani, Rau, nina kibaraza changu. Hapa kwetu mafundi wengi tuna Butterfly za China, na si mbaya. Ila bibi aliniachia Singer. Nilisoma kwamba namba iliyogongwa kwenye mwili wake inakupa mwaka na kiwanda, nikaitafuta, kumbe ilitoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa 1980. Imekufa sehemu ya kuzungushia uzi wa chini na spea zake sizipati. Huwa naziangalia huko Uingereza zinauzwa bei ya kilo mbili za nyama. Natamani kulia. Hivi kweli huko hazina thamani?

Shangazi_Leeds
Binti, huku kila bibi alikuwa nayo. Bibi akifariki wajukuu wanataka nyumba iwe tupu ifikapo Jumamosi. Ni chuma kitupu, kusafirisha kunazidi bei, kwa hiyo wengi wanaandika "njoo uchukue mwenyewe". Nina moja ya kukanyaga na miguu, inaisha Jumapili saa mbili usiku ya huku, saa nne usiku yenu. Imeanzia senti 99. Ni ya umri wa bibi yako.

BintiRau
Naomba niifuatilie tu shangazi. Kuangalia.

Shangazi_Leeds
Wa 5 huyo. Karibu dirishani.

Kahawa_Chungu
Jumapili, saa nne kasorobo usiku. Wakuu, mko?

Dereva_wa_Njiro
Nipo. Nimetoka Karatu leo, sijaoga.

Meku_wa_Kibosho
Nipo.

Shangazi_Leeds
Naona watu 23 wanaifuatilia. Wangapi ni wa uzi huu? Semeni ukweli mbele ya Mungu.

ChaliiWaSakina
😶

Mwenye_Hoja_Zake
Mimi nimepita tu.

Kahawa_Chungu
Pauni 14. Dakika sita.

Tsudunyi_Juu
19. Wamefika wawili sasa. Ndivyo inavyotakiwa.

BintiRau
Umeme umekatika Rau, simu ina asilimia nne. Mnisimulie.

Kahawa_Chungu
26. 27. Dakika moja. Mke wangu amekuja, amekaa pembeni yangu, anauliza kwa nini hawapandishi.

Dereva_wa_Njiro
29! 30!

Kahawa_Chungu
31. Imefungwa. Aliyekosa alikomea 30.

Shangazi_Leeds
Ameshaniandikia. Ni mama wa mitaa ya hapa hapa, anakuja kesho na gari. Anataka miguu ya chuma tu, aiwekee kioo juu iwe meza ya bustani. Kichwa ameniambia nibaki nacho au nitupe.

BintiRau
MEZA?

BintiRau
Shangazi nakuomba usikitupe. Asilimia mbili.

Kahawa_Chungu
Mke wangu anauliza kichwa kina kilo ngapi, na begi la ndege linaruhusu ngapi.

Shangazi_Leeds
Kichwa kama kilo 13. Begi 23. Desemba narudi nyumbani kama Wachagga wote. Binti Rau, ukipata umeme njoo faragha. Wale 22 wengine, mnaweza kuondoa macho sasa.